Baiskeli mpya ya mashindano: unakili vipimo vya zamani, ujipime mwenyewe, au uende kwa mtaalamu?

Baiskeli mpya hudanganya siku ya kwanza. Ni nyepesi, gia zinaingia bila kelele, na furaha inaufunika mwili usisikie lolote. Ukweli huja wiki ya pili: ganzi kwenye kidole cha mwisho na jirani yake, goti linalochoma kila ukikabili mlima, shingo iliyokaza kama ya mtu aliyelala vibaya. Hapo unashika spana, unapandisha siti kidogo, unaishusha kidogo, na baada ya siku nne hujui tena ulianzia wapi.

Njia za kuupata mkao kwenye baiskeli mpya ni tatu. Unaweza kunakili vipimo vya baiskeli uliyoizoea, kujipima mwenyewe kuanzia sifuri, au kujikabidhi kwa mtaalamu anayefanya kazi hiyo kila siku. Nimezipitia zote, na hakuna hata moja ambayo haijawahi kuniudhi.

## Vigezo

Kila njia nitaiuliza maswali yale yale: inahitaji nini, ni sahihi kiasi gani, inachukua muda gani mpaka mwili utulie, inaharibikia wapi, na inamfaa nani. Gharama siiweki kwenye orodha kwa sababu haina utata: mbili za kwanza unalipa kwa muda wako na vifaa vichache, ya tatu unamlipa mtu.

Yapo mambo yasiyobadilika hata ukichagua njia ipi. Mwili unaigusa baiskeli mahali patatu tu: nyayo kwenye pedali, makalio kwenye siti, viganja kwenye usukani. Kazi nayo inafuata mpangilio huo kutoka chini kwenda juu. Kliti za viatu (vibati vya chini ya soli vinavyonasa kwenye pedali) kwanza, kisha kimo cha siti, kisha siti mbele au nyuma, na usukani mwisho. Ukianza na usukani, kila utakapoigusa siti itabidi uurudie.

Jambo la pili ni kwamba nguzo ya siti haijasimama wima, imelalia nyuma. Kwenye fremu yenye pembe ya nyuzi 73, ukiipandisha siti milimita 10 imerudi pia nyuma karibu milimita 3. Ndiyo maana ukishamaliza kuisogeza siti mbele au nyuma unarudi kukipima kimo upya, hata kama una hakika hukukigusa.

La tatu ni usalama. Skrubu nyingi za siti na usukani zimeandikwa kiwango cha kukazia, mara nyingi 5 Nm (nyutoni mita), na juu ya kaboni mkono wako si kipimo cha kuaminika. Tafuta spana yenye kipimo cha nguvu. Nguzo ya kaboni hupakwa krimu maalumu ya kuongeza mshiko, si grisi, na mstari wa mwisho uliochorwa kwenye nguzo lazima ubaki ndani ya fremu.

## Njia ya kwanza: kunakili baiskeli ya zamani

Inahitaji nini. Baiskeli uliyoiendesha kwa muda mrefu bila malalamiko, futi, pimamaji, ukuta na sakafu iliyo sawa. Sharti kubwa ni hilo la "bila malalamiko". Watu wengi hunakili mkao uliokuwa unawaumiza, kwa sababu tu wameuzoea.

Vipimo vya kuchukua ni hivi: kutoka kitovu cha krenki (mikono inayobeba pedali) hadi juu ya siti, ukifuata mstari wa bomba la siti, umbali wa siti nyuma ya kitovu cha krenki kwa mlalo, kutoka siti hadi kwenye vishikio vya breki pale kiganja kinapokaa, na tofauti ya kimo kati ya siti na usukani. Ule wa mlalo ndio unaowasumbua watu, na dawa yake ni ukuta. Simamisha baiskeli gurudumu la nyuma liguse ukuta, pima kutoka ukutani hadi kitovu cha krenki, pima tena kutoka ukutani hadi siti, kisha toa.

Usahihi. Ni mkubwa sana ikiwa siti, krenki, viatu na pedali ni vile vile. Kimoja kikibadilika, unashuka haraka.

Hapa nina kidonda changu. Nilinakili kila kitu kwa milimita, nikapima kutoka pua ya siti kama nilivyokuwa nikifanya siku zote. Siti mpya ilikuwa ya zile fupi, pua yake imekatwa karibu sentimita 3. Mimi nikaiweka pua mpya pale pale ilipokuwa pua ya zamani. Maana yake ile sehemu pana ninayokalia ilisogea mbele karibu sentimita hizo hizo. Kwenye karatasi vipimo vilifanana, lakini magoti yangu yalichoma kwa mbele na viganja vilibeba uzito ambao havikuwahi kuubeba. Ilinichukua wiki tatu kugundua, na wakati wote huo niliilaumu fremu.

Tangu hapo sipimi kutoka puani. Natafuta mahali ambapo siti ina upana wa sentimita 8, kwa sababu hapo ndipo mwili unapoanza kukaa kwa kweli, siti iwe fupi au ndefu. Kata mwanya wa sentimita 8 kwenye kipande cha boksi, uupitishe kutoka puani kuelekea nyuma mpaka ukwame. Weka alama ya penseli hapo, kwenye siti zote mbili. Vipimo vyote vya siti vianzie kwenye alama hiyo.

Krenki nayo hukaguliwa. Urefu umechapwa kwa milimita upande wa ndani wa mkono wake: 165, 170, 172.5, 175. Baiskeli mpya zinaelekea kwenye krenki fupi, na Tadej Pogačar, bingwa wa Tour de France kutoka Slovenia, alipoanza kutumia 165 wengi walifuata. Ukitoka 172.5 kwenda 170, pedali ya chini imepanda milimita 2.5, kwa hiyo siti nayo ipande kiasi hicho. Ukinakili kimo cha zamani kama kilivyo, umejishusha bila kujua.

Muda. Jioni moja. Mwili ukiutambua mkao wake, hauhitaji kuzoea.

Inaharibikia wapi. Mbali na siti na krenki, inaharibikia kwenye fremu yenyewe. Fremu mbili zenye saizi ile ile kwenye kibandiko zinaweza kutofautiana sana kwa kimo cha mbele. Baiskeli yako ya zamani inaweza kuwa ya safari ndefu, na mpya ikawa ya kuinamia. Kuna umbali ambao stemu (kipande kinachoushika usukani) na pete za chini yake haziwezi kuuziba. Ikiwa stemu na usukani ni kipande kimoja na nyaya zinapita ndani, kubadilisha urefu si kufungua skrubu nne, ni kazi ya nusu siku kwa fundi.

Inamfaa nani. Aliyekuwa ameridhika na anayehama kutoka baiskeli ya mashindano kwenda nyingine ya aina hiyo.

## Njia ya pili: kujipima mwenyewe

Inahitaji nini. Futi, kitabu kigumu, uzi wenye nati mwishoni uwe timazi, stendi ya mazoezi ya kuendeshea ndani, simu ya kurekodi video, na daftari. Zaidi ya vyote, subira. Mtu asiye na subira asiiguse njia hii.

Anza na mguu. Simama peku, mgongo ukutani, kitabu katikati ya mapaja, ukipandishe mpaka kigandamize msamba kama siti inavyogandamiza. Mwenzako apige mstari wa penseli juu ya ukingo wake. Rudia mara tatu, maana mara ya kwanza karibu kila mtu anajionea huruma na kukiacha kitabu chini.

Usahihi. Kanuni zipo, ila kila moja ina kasoro yake. Inayojulikana zaidi inahusishwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990: urefu wa mguu mara 0.883 unakupa umbali kutoka kitovu cha krenki hadi juu ya siti. Nyingine ni ya watafiti Hamley na Thomas, 1967: asilimia 109 ya urefu wa mguu, lakini hii inapimwa kutoka kwenye ekseli ya pedali, krenki ikiwa imeelekea chini sambamba na bomba la siti.

Chukua mguu wa sentimita 84. Kanuni ya kwanza inatoa sentimita 74.2. Ya pili inatoa 91.6 kutoka kwenye pedali. Ukiondoa krenki ya milimita 172.5 unabaki na 74.3. Zimekubaliana. Sasa weka krenki ya 165: ya pili inakupandisha hadi 75.1, wakati ya kwanza haijatikisika, kwa sababu urefu wa krenki haumo ndani yake. Hiyo ni karibu sentimita nzima, na ni sababu tosha ya kutoiabudu namba yoyote.

Kwa hiyo namba ni pa kuanzia tu. Baada yake weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Halafu vaa viatu vya kuendeshea, jirekodi kwa upande, simamisha picha pedali ikiwa chini, pima pembe ya goti. Mkunjo wa nyuzi 25 hadi 35 ukiwa umetulia ni eneo linalokubalika na wengi. Ukipiga pedali kwa kasi goti hukunjika zaidi kidogo, usishtuke.

Timazi huja kwenye siti mbele au nyuma. Krenki zikiwa sawa na sakafu, uzi ukishushwa kutoka chini kidogo ya pia ya goti la mbele, nati iangukie kwenye ekseli ya pedali. Ni kanuni ya zamani na rahisi, na imepingwa kwa hoja nzito, mmoja wa wapinzani akiwa mtengenezaji wa baiskeli Keith Bontrager. Ukitaka kuiona hoja, watazame wanaoendesha baiskeli za kulala chali: magoti yao hayapo juu ya pedali hata kidogo, na wanakwenda vizuri tu. Mimi naitumia timazi kama pa kuanzia, kisha nafanya jaribio ninaloliamini zaidi. Shika mkunjo wa chini wa usukani, piga pedali kwa nguvu ya wastani, kisha nyanyua viganja nusu sentimita. Kiwiliwili kikiporomoka mbele, rudisha siti nyuma kidogo.

Muda. Wiki tatu hadi sita. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja, milimita 3 hadi 5, uendeshe mara mbili tatu, uandike. Bandika kipande cha utepe kwenye nguzo ya siti kabla ya kuigusa, ujue njia ya kurudi.

Inaharibikia wapi. Inaharibikia kwenye kusoma vibaya malalamiko ya mwili. Goti linaloumia kwa mbele, mara nyingi siti iko chini au mbele mno. Linaloumia kwa nyuma, siti iko juu au nyuma mno. Nyonga zikiyumba kushoto kulia, iko juu. Ganzi ya viganja humfanya mtu akimbilie kuinua usukani, na kumbe pua ya siti imeinama mno na inamtelezesha mbele muda wote. Ilaze siti kwanza iwe karibu sawa, kisha ndiyo ufikirie usukani.

Kliti zina mtego wake wa rangi. Rangi inaonyesha kiatu kinaweza kuzunguka kiasi gani juu ya pedali. Kwa Shimano nyekundu haichezi kabisa, bluu inacheza nyuzi 2 na njano 6. Kwa Look Keo nyeusi haichezi, kijivu inacheza 4.5, na nyekundu inacheza 9. Aliyezoea nyekundu ya Look akanunua nyekundu ya Shimano amelifunga goti lake bila kujua. Kwa anayejipima mwenyewe, chagua zinazocheza. Mguu utajitafutia pembe yake.

Mtego wa mwisho ni kutokuacha. Eddy Merckx, bingwa wa Ubelgiji, baada ya ajali ya Blois, Ufaransa, mwaka 1969 hakuupata tena mkao usiomuuma, akawa anatembea na spana hata kwenye mashindano na kurekebisha siti safarini. Yeye alikuwa na jeraha la kweli. Wengine tuna spana tu.

Inamfaa nani. Mwenye baiskeli ya kwanza ya mashindano na mwili usio na historia ya maumivu, na yeyote anayependa kujua kwa nini kitu kiko pale kilipo. Njia hii ndiyo pekee inayokuachia ujuzi utakaoutumia kwenye kila baiskeli ijayo.

## Njia ya tatu: mtaalamu wa mkao

Inahitaji nini. Kumpata aliye mzuri. Kazi hii haina leseni moja ya dunia nzima. Yupo aliyesoma viungo vya mwili na yupo aliyenunua mashine mwezi uliopita. Maswali yake ya mwanzo yatakueleza. Anayeanza kukuuliza juu ya majeraha, saa unazoendesha na lengo lako, kisha akakulaza kitandani kukagua unavyopinda nyonga na misuli ya nyuma ya paja, huyo kaa naye. Anayekukimbiza moja kwa moja kwenye namba, shukuru uondoke.

Wewe peleka viatu vyako vyenye kliti ulizozizoea, kaptura unayoendeshea, na vipimo vya baiskeli ya zamani hata kama hukuipenda.

Usahihi. Anaona usiyoweza kujiona: goti linaloingia ndani kila pedali ikishuka, mguu mmoja mfupi, bega moja limebanwa. Kwa kamera au vihisio vilivyobandikwa kwenye viungo anapima ukiwa kwenye mwendo, tena umechoka kidogo, jambo ambalo uzi na nati haviwezi.

Muda. Saa mbili au tatu, na mara ya pili baada ya wiki kadhaa. Hiyo ya pili watu wengi huiacha, na naona ndiyo yenye thamani zaidi, kwa sababu siku ya kwanza anaupima mwili ambao haujaizoea baiskeli.

Inaharibikia wapi. Anaweza kuwa pia muuzaji, na kila tatizo likawa na dawa rafuni kwake. Anaweza kukupa mkao wa mshindani wakati wewe unataka kuendesha saa nne bila mgongo kuuma. Na ukitoka bila karatasi ya vipimo, umenunua mkao usioweza kuurudisha siku nguzo ya siti itakapoteleza. Idai karatasi kabla ya kulipa.

Inamfaa nani. Mwenye maumivu yanayorudi mahali pale pale, aliyewahi kuumia goti, nyonga au mgongo, na anayeendesha saa nyingi kwa wiki kiasi kwamba kosa dogo linajirudia mara maelfu.

## Kwa hali yako

Kama baiskeli ya zamani ilikupenda nawe ukaipenda, nakili. Angalia siti na krenki, pima kwenye upana wa sentimita 8, na jioni hiyo hiyo umemaliza.

Kama ya zamani ilikuwa nzuri lakini si ya mashindano, chukua kimo cha siti peke yake na mengine uyajenge upya. Anza na pete zote zikiwa chini ya stemu, usukani uwe juu. Shusha pete moja kila baada ya wiki mbili, na simama pale ambapo unaweza kukaa mkunjo wa chini kwa dakika kumi bila shingo kulalamika. Bomba la uma (uma unaoshika gurudumu la mbele) linalobaki juu ya stemu usiruhusu likatwe mapema. Mpe mwili miezi miwili au mitatu kwanza, maana likishakatwa halirudi.

Kama hii ni ya kwanza na huna maumivu, jipime mwenyewe. Usipotulia baada ya wiki sita na daftari limejaa, nenda na daftari hilo kwa mtaalamu. Atafanya nusu ya kazi kabla hujapanda.

Kama bado hujanunua, mtaalamu ana faida kubwa zaidi sasa kuliko baadaye, hasa ikiwa baiskeli unayoitamani ina stemu na usukani wa kipande kimoja. Urefu sahihi unaagizwa kabla, haurekebishwi baada.

Ganzi ya vidole au ya msamba isiyoondoka hata saa kadhaa baada ya kushuka ni ya kumwonyesha daktari kwanza.

Na kama mashindano yako ni baada ya siku kumi, nakili kimo cha siti, weka kliti kama zilivyokuwa, kaza kila skrubu kwa kipimo chake, halafu ifiche spana mpaka siku ya kumi na moja.